Sauti ya Goma Iliponyamaza

Nilipopata mimba ya tatu nilikuwa nafundisha darasa la nne Nyamitaba, na mimba zangu mbili za kwanza zilikuwa zimeishia makaburini. Watoto wote wawili walizaliwa kabla ya wakati wao, na mara zote mbili muuguzi aliniambia neno lilelile: tansio. Damu inasukuma kwa nguvu kupita kiasi, mtoto anakosa chakula tumboni, na mama naye anaweza kuanguka na kifafa cha mimba. Mimi sikuwa nimejisikia mgonjwa hata kidogo. Hicho ndicho kilichonitia hofu: ulikuwa ugonjwa unaoingia bila kubisha hodi.

Kwa hiyo watu wa utafiti walipofika kwenye kituo chetu cha afya na masanduku yao, sikuhitaji kubembelezwa. Walikuwa vijana wa Goma, wamevaa fulana za rangi moja, na walitukusanya sisi wajawazito kwenye mabenchi ya kanisa. Walisema kuna fedha zimetoka nje kwa ajili ya utafiti wa wanawake wa Masisi na Walikale, kuona kama kifaa kidogo kinaweza kupunguza vifo vya akina mama na watoto wachanga. Kifaa chenyewe kilikuwa bangili nyeusi, nene. Asubuhi na jioni ilijikaza yenyewe, kama mtu anayekushika mkono akiwa na hasira, kisha ikalegea. Kipimo kiliingia kwenye simu ndogo tuliyopewa, na simu ikakituma Goma, ambako kulikuwa na watu wanaoangalia. Pembeni bangili ilikuwa na taa.

"Taa ikiwa kijani ni muzuri," alisema kijana mmoja. "Kukiwa kitu mubaya, watu wa Goma watakupigia."

Sote tulielewa hivyo. Sidhani kama kulikuwa na namna nyingine ya kuelewa.

Walinipigia mara ya kwanza nikiwa ubaoni, chaki mkononi. Ilikuwa sauti ya mwanamke, si mzee, yenye kukwaruza kidogo.

"Mama mwalimu? Mimi ni muuguzi, niko Goma. Kaa chini kwanza. Umekaa?"

Nilikaa kwenye benchi la watoto.

"Tansio yako imepanda. Si ya kuogopa sana, lakini leo hii uende kwenye kituo wakuongezee dawa. Watoto wa watu waache, watacheza."

Nilikwenda, nikaongezewa dawa. Kesho yake akapiga tena kuuliza kama nimekunywa. Kuanzia hapo tukawa kama watu wanaojuana. Aliniuliza nimekula nini, mtoto anacheza, miguu imevimba? Nyuma yake nilisikia sauti nyingine za wanawake, chumba kizima cha watu wanaouliza mambo yaleyale kwa akina mama wengine: umekunywa dawa, umepumzika, kichwa kinauma? Ile kelele ilinipa usingizi mzuri. Mume wangu hakuwa nyumbani. Yeye ni mtu wa msituni, wa Walikale, na alikuwa huko akinunua mawese na kuyapeleka masokoni. Wakati ule mtu aliyeniuliza habari za mwili wangu kila mara alikuwa mwanamke ambaye sikuwahi kumwona sura.

Kisha risasi zikaanza kusikika upande wa pili wa vilima. Wazazi wakaanza kuwachukua watoto kabla kengele haijalia, halafu wakaacha kuwaleta kabisa. Watu waliotoka Kashuga na magodoro vichwani walipita mbele ya shule bila kusimama. Mume wangu akatuma ujumbe: njoo kwa mama. Nilimwambia yule muuguzi wa Goma kwamba naondoka, na kwamba naogopa atanipoteza.

"Safiri nayo," akasema. "Popote simu inashika rezo nitakuona."

Kijiji cha mama mkwe kiko ng'ambo ya mto, mbali kidogo na Walikale-kati, kwenye njia ambayo mvua ikinyesha huwa tope la magoti. Mimi ni mtoto wa vilima. Nilizoea kuona ng'ombe wakiwa juu kule na kujua nani anakuja kabla hajafika. Msituni huoni anayekuja. Unasikia majani, halafu mtu yuko mbele yako anakusalimu.

Mama mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa muimbaji wa kwaya, mwenye sauti nzito, na hakuwahi kukosa misa, lakini kila asubuhi alitutengenezea maji ya majani ya kuogea, kama mama yake alivyomtengenezea yeye, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Nasema alitutengenezea kwa sababu tulikuwa wawili. Wifi yangu, kitinda mimba wa nyumba ile, alikuwa na mimba yake ya kwanza. Mwanamume wake alikuwa kwenye machimbo. Naye alikuwa na bangili. Walimwandikisha Walikale kama walivyoniandikisha mimi Nyamitaba.

Alikuwa msichana wa kucheka. Jioni, bangili zetu zilipojikaza karibu kwa wakati mmoja, tulilazimika kunyamaza na kunyoosha mikono, na yeye alikuwa akifumba macho na kujifanya ameshikwa na polisi. "Afande, mimi sikuiba," alikuwa akisema, na mimi nacheka, na kipimo changu nina hakika kiliharibika.

Mama mkwe alitutazama huku akiponda ndizi za lituma. Jioni moja akauliza:

"Ile kitu inasemaka na nani?"

"Na Goma, Mama."

"Na Goma inajibu nini?"

"Wakinyamaza, njo kusema tuko muzuri."

Alitwanga kidogo, akasimamisha mchi. "Na kama hakuna mutu kule? Si atanyamaza vilevile?"

Wifi yangu alicheka. Mimi sikucheka, ila nilimwambia kwamba kuna chumba kizima cha watu, nimewasikia kwa masikio yangu.

Mara ya mwisho yule muuguzi kunipigia ilikuwa siku ya kawaida kabisa. Tulizungumza juu ya dawa iliyokuwa ikinipa kizunguzungu. Akasema atamuuliza daktari, na kesho atanipa jibu.

Kesho hakupiga. Siku iliyofuata hakupiga. Nilipanda kwenye kilima kidogo cha kanisa, mahali pekee ambapo rezo ilikuwa nzuri, nikapiga ile namba mwenyewe. Sauti ya mashine ikanijibu kwa Kifaransa kwamba namba hiyo haipatikani. Nikasema ni rezo. Nikasema labda ni vita, labda Goma kuna shida. Mume wangu alipopita na mapipa yake ya mawese akasema vilevile, ni rezo, itarudi. Na bangili iliendelea kujikaza asubuhi na jioni, na taa yake ilikuwa kijani.

Nilikuwa nimeshazika watoto wawili, kwa hiyo sikukaa kungoja rezo. Nilivuka daraja, nikaenda kwenye kituo cha afya cha upande ule. Muuguzi wake mkuu alikuwa baba wa makamo, mpole, mwenye koti jeupe lililoanza kuwa la manjano. Nilimwomba anipime kwa mkono. Akatafuta kwa muda mrefu kwenye kabati, akatoa mashine ya zamani, ile ya kufunga mkononi na kupuliza kwa mpira. Mpira ulikuwa umepasuka, ameufunga kwa plasta.

"Wakati bangili zilikuja, tuliacha kuomba ingine," akasema, kama anayeomba msamaha. "Tulisema kazi ya kupima tansio imepata wenyewe."

Alinipima mara kadhaa, na kila mara mashine ilisema jambo tofauti, lakini namba zote zilikuwa juu. Akaniongezea dawa. Nilimuuliza habari za Goma. Akanionyesha kibao cha kioo walichompa wale vijana, ambacho ujumbe ulikuwa ukiingia kila siku: mgonjwa fulani aletwe, fulani afuatiliwe. Sasa kioo kilikuwa kitupu, kimeandikwa tu kwamba hakuna ujumbe mpya.

"Na wale wenye kukusimamia?"

"Pikipiki yao haijafika tangu mwezi ulianza. Hakuna mutu aliniambia kitu." Akafunga kabati. "Yule wifi yako, umulete. Nataka kumuona kwa macho yangu."

Nilirudi nikamwambia. Alikuwa amekaa kizingitini, miguu imevimba hata vidole vimepotea, anamenya mihogo. Akanyoosha mkono kunionyesha taa.

"Dada, angalia. Iko kijani."

"Goma hawapigi tena. Hata muuguzi hajui wako wapi."

"Kwako njo hawapigi. Mimi hawakunipigiaka hata siku moja, sababu niko muzuri." Alisema bila ubishi, kwa upole, kama mtu anayemfariji mgonjwa. "Wangeona mubaya wangenipigia. Njo kazi yao."

Nilijaribu kumweleza. Nilikuwa mwalimu, nilizoea kueleza mambo, lakini niliona kwamba kwake hakuna kilichobadilika. Kimya alichokizoea tangu mwanzo kilikuwa kimya cha afya, na kimya hiki kipya kilifanana nacho kabisa. Mama mkwe aliposikia alikata shauri: siku ya soko tutakwenda wote watatu, njiani atampumzisha kila atakapotaka. Wifi akakubali, kwa ajili ya soko zaidi kuliko kwa ajili ya muuguzi.

Hatukuifikia siku ya soko. Asubuhi ya siku iliyoitangulia tulikwenda kwenye kidimbwi cha mtoni kuopoa mihogo tuliyoiloweka. Jua lilikuwa limeshatoka, na wanawake wengine walikuwa upande wa chini wanafua. Wifi yangu aliinama, akaopoa muhogo mmoja, akasimama, akasugua macho.

"Dada, kuko inzi mingi hapa."

Hapakuwa na inzi. Nilimwambia akae. Akasema kichwa kinamuuma tangu jana, hapa nyuma, na kwamba inzi wanang'aa. Halafu akanitazama kama mtu aliyesahau jina langu, uso ukajivuta upande mmoja, akaanguka majini.

Tulimtoa, mimi na wale wanawake. Mwili wake ulikuwa mgumu kama ubao, kisha ukaanza kutetemeka, meno yakauma ulimi. Mama mkwe alikuja mbio kutoka juu, akakaa kwenye matope, akamweka kichwa mapajani na kumwita kwa jina lake la utotoni. Na katikati ya yote hayo nikasikia ile sauti ndogo ninayoijua, mlio wa bangili ikijikaza. Ulikuwa wakati wake wa asubuhi. Ilimpima akiwa vile. Ilipomaliza ikalegea, na taa ikawaka kijani.

Motari aliyepita na pikipiki yenye magunia ya makaa aliyashusha njiani bila kuulizwa. Tulimfunga wifi yangu kwa nguo ya kikwembe mgongoni mwa yule motari, mama mkwe akakaa nyuma kumshika. Mimi nilikuja na pikipiki ya pili. Yule muuguzi mpole alimchoma sindano, akaandika mstari mmoja na kutusukuma kuelekea hospitalini Walikale, na kote huko watu walifanya walichoweza. Walimpasua mchana uleule. Mtoto alitoka hai, mvulana, mwembamba kama panya. Mama yake hakufumbua macho. Alikufa kesho yake, adhuhuri, wakati mvua inaanza.

Mama mkwe alimwosha mwenyewe. Alipofika kwenye mkono wa kushoto akaivua ile bangili, akaigeuzageuza. Bado ilikuwa inawaka.

"Hii nayo tunaizika?" akauliza.

Akaiweka juu ya dirisha.

Mimi sikuruhusiwa kurudi kijijini. Waliniweka kwenye kitanda cha wodi ya wazazi, wakinipima kwa mkono, mpaka binti yangu alipozaliwa, kabla ya wakati, lakini akiwa na sauti. Nilimnyonyesha yeye na binamu yake pamoja. Maziwa hayakutosha, tukaongezea uji mwepesi na maombi ya mama mkwe. Walinusurika wote wawili.

Walikuwa wameanza kukaa wenyewe mkekani simu yangu ilipoita, namba nisiyoijua. Nilitambua ile sauti kabla hajajitaja.

"Mama mwalimu? Uko muzima?"

Nikasema, "Niko."

"Na mutoto?"

"Iko. Binti."

Nikamsikia anapumua. Nyuma yake sasa hapakuwa na sauti nyingine, ila kuku. Akaniambia kwamba alikuwa amerudi kwao, analima. Asubuhi moja walifika kazini wakakuta karatasi mlangoni. Fedha za utafiti zilikuwa zimesimamishwa kule zilikotoka, na kila mtu aache kazi siku ileile. Laini za simu zilikatwa kabla hawajavua makoti. Hata namba zetu zilikuwa ndani ya mashine za kazi. Yangu alikuja kuipata baadaye kabisa, kwa mtu aliyekuwa Nyamitaba.

"Lakini mashine zenyewe hazikuzimwa," akasema. "Zilikuwa zimelipiwa mpaka mbele. Nilirudi baada ya siku chache kuchukua kitenge changu nilichosahau kwenye kiti. Chumba kilikuwa kitupu, na vioo vyote vinawaka. Vipimo vyenu vilikuwa vinaingia, Mama mwalimu. Vinaingia tu. Kulikuwa na mistari myekundu mingi. Ile taa ya kijani ilisema tu kwamba kipimo kimetumwa."

Nikaibana simu sikioni.

"Kulikuwa na mmoja wa Walikale, mimba ya kwanza. Hatukuwahi kumpigia, alikuwa muzuri siku zote. Siku ile alikuwa mwekundu asubuhi na jioni. Nilimwambia mlinzi anipe simu yake. Lakini kwenye kioo kulikuwa namba ya bangili tu, namba ya simu ilikuwa imefichwa tangu walipotufungia kazi. Nilisimama pale nikimuangalia." Akakohoa. "Mimi ninawazaka yeye kila siku. Labda unamjua? Alipona?"

Watoto walikuwa wanavutana kijiko, mvulana akaanza kulia. Nilifikiri kumdanganya, na ningeweza. Lakini sauti ile ilikuwa imenipigia simu kuniambia ukweli wakati hakuna aliyemlazimisha.

"Alikuwa wifi yangu," nikasema. "Hakupona. Mutoto wake njo huyu anayelia."

Alilia muda mrefu. Sikumkatia simu. Mayunite ya simu yake yaliisha akiwa bado analia, na nilipompigia mimi siku zilizofuata hakupokea.

Baada ya muda yule muuguzi mkuu alinitumia habari kwamba kuna mkutano Walikale-kati, watu wamekuja kueleza matokeo ya ule utafiti. Nilikwenda na mama mkwe. Ukumbi ulikuwa umejaa. Bwana mmoja mwenye miwani, mstaarabu, asiye na majivuno, alitupia picha ukutani na kutueleza kwamba bangili ilifanya kazi. Kati ya waliovaa, vifo vilipungua. Watu walipiga makofi, na sina sababu ya kusema kwamba alidanganya. Mimi mwenyewe ni mmoja wa wale waliosaidiwa nayo.

Niliponyoosha mkono nikasema habari za wifi yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, na niliona kwamba anamaanisha. Kisha akaeleza kwamba kipindi cha utafiti kilifungwa siku fedha ziliposimama, na kilichotokea baada ya hapo, kwa masikitiko makubwa, hakimo kwenye matokeo.

"Kwa hiyo hakufa?" mama mkwe akauliza, si kwa kejeli. Alitaka kuelewa.

"Alikufa, Mama. Ila si ndani ya utafiti."

Akaendelea kutuambia habari njema: kwa sababu matokeo yalikuwa mazuri, wamepata mfadhili mwingine, na safari hii kifaa ni kidogo zaidi, kinabandikwa kifuani kama plasta, mtu hata hasikii kwamba anacho. Nikauliza siku fedha zikisimama tena, nani atawaambia wanawake. Akatazama wenzake. Akasema hilo ni swali zuri sana na watalipeleka juu.

Tulirudi kwa miguu. Darajani mama mkwe alisimama kushika kiuno na kuangalia maji.

"Wanatuangaliaka muzuri," akasema. "Ila kusaidia, njo hawasaidie."

Nilibaki Walikale. Shule ya Nyamitaba haijafunguliwa sawasawa, na hapa walihitaji mwalimu. Watoto wawili wanakua. Watu wanadhani ni mapacha na sisi hatuwasahihishi. Yule muuguzi mkuu alipata mashine mpya ya kupima kwa mkono, kwa mchango wa akina mama wa kwaya, na ametenga Jumatano kuwa siku ya wajawazito wote, wa karibu na wa mbali. Mwanzoni walijaa mpaka nje, wakakaa chini ya paa la bati na vikapu vyao. Kisha wale wa plasta wakaja kuandikisha, na foleni yao ilianza kanisani ikafika barabarani. Sikumzuia mtu. Ningemwambia nini, mimi niliyepona?

Jumatano iliyopita nilipita kituoni kuchukua dawa ya kikohozi. Muuguzi alikuwa amekaa peke yake kizingitini, mashine mapajani. Nilimuuliza wajawazito wako wapi.

"Wanasema hawana lazima ya kuja," akanijibu. "Wanasema wanaangaliwa."